Mkasi ulivyomrudisha Matisse kazini

Kama wewe au mwanao mnauguza kidonda cha upasuaji na siku haziendi, mkumbuke Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa. Akiwa kijana, kidole tumbo kilimlaza. Mama yake akamletea rangi, naye akaanza kuchora.

Mwaka 1941, akiwa na miaka 71, alifanyiwa upasuaji wa saratani mjini Lyon. Alipona, lakini hakuweza tena kusimama muda mrefu mbele ya turubai. Akawa mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu.

Kazi hakuacha, alibadili njia. Wasaidizi walipaka karatasi rangi, yeye akazikata kwa mkasi, nao wakazibana ukutani kwa pini na kuzihamisha hadi aridhike. Mwaka 1953 alitengeneza "Konokono": vipande vya rangi tu, karibu mita 3 kila upande. Alifariki mwaka 1954, akiwa na miaka 84.

Wewe je? Dawa usiache, kliniki usikose. Lakini muulize pia daktari wako ni kazi gani mikono yako inaiweza sasa. Kwa mtoto, karatasi za rangi, gundi na mkasi butu vinatosha kuanzia.