PARK CHUNG-HEE (1917–1979): MTAJI WA KIGENI NA UJENZI MPYA WA KOREA KUSINI

Utangulizi
Park Chung-hee alikuwa Rais wa Korea Kusini kuanzia mwaka 1963 hadi 1979. Anakumbukwa kwa mambo mawili: kukuza uchumi wa nchi iliyobomolewa na vita, na kutawala kwa mabavu. Sehemu hii inaeleza jinsi alivyotafuta mtaji kutoka nje na gharama iliyolipwa.

Maisha ya awali
Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1917 katika familia ya wakulima maskini huko Gumi. Wakati huo Korea ilikuwa koloni la Japani, iliyoitwaa rasmi mwaka 1910. Alifundisha shule ya msingi, kisha akasomea uanajeshi Manchuria na Japani, akawa ofisa katika jeshi la mkoloni. Wapinzani wake hawakulisahau jambo hilo.

Japani iliposhindwa vita mwaka 1945, Korea iligawanywa sehemu mbili. Vita vya Korea (1950–1953) viliua watu wengi na kuharibu viwanda, reli na miji.

Kuingia madarakani
Tarehe 16 Mei 1961, akiwa meja jenerali, Park aliongoza mapinduzi ya kijeshi. Aliikuta nchi ikitegemea misaada ya Marekani, nayo ilikuwa ikipungua. Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano (1962–1966) ulihitaji fedha nyingi, ilhali akiba ya ndani ilikuwa ndogo. Ilibidi fedha zitafutwe nje.

Vyanzo vya mtaji
(i) *Ujerumani Magharibi.* Kuanzia Desemba 1963, wachimbaji wa makaa ya mawe kutoka Korea walikwenda kufanya kazi huko, na wauguzi pia. Fedha walizotuma nyumbani ziliongeza akiba ya fedha za kigeni. Serikali ya huko pia ilitoa mikopo, na Park aliizuru nchi hiyo Desemba 1964.

(ii) *Japani.* Mazungumzo kati ya nchi hizi mbili yalianza mwaka 1951 na yalikwama mara nyingi. Mwaka 1964 wanafunzi waliandamana wakiona Park anauza heshima ya taifa. Mwezi Juni alitangaza sheria ya kijeshi mjini Seoul. Hata hivyo, mkataba ulitiwa saini Tokyo tarehe 22 Juni 1965. Japani ilikubali kutoa msaada usiorudishwa wa dola milioni 300 na mikopo nafuu ya dola milioni 200 katika miaka 10, pamoja na mikopo ya kibiashara ya dola milioni 300. Korea nayo ilikubali kuwa madai yote ya wakati wa ukoloni yamekwisha.

(iii) *Marekani.* Korea ilipeleka zaidi ya askari 300,000 Vietnam kati ya 1964 na 1973. Kwa kufanya hivyo ilipata mikopo, zana za kijeshi na zabuni kwa kampuni zake.

Matumizi ya mtaji
Mfano mkuu ni kiwanda cha chuma cha Pohang. Kampuni za Magharibi zilizotarajiwa kukijenga zilijitoa, na Benki ya Dunia ilitilia shaka mradi huo. Mwaka 1969 Japani ilikubali sehemu ya fedha za mkataba zitumike Pohang. Ujenzi ulianza 1970, na kufikia 1973 kiwanda kiliweza kuzalisha takriban tani milioni 1 kwa mwaka.

Park alipendelea mikopo iliyodhaminiwa na serikali kuliko wageni kumiliki viwanda. Hivyo umiliki ulibaki kwa Wakorea, lakini deni la nje liliongezeka. Mauzo ya nje yalipanda kutoka dola milioni 100 mwaka 1964 hadi dola bilioni 10 mwaka 1977.

Gharama zake
- Watu waliolazimishwa kufanya kazi enzi za ukoloni walifaidika kidogo. Katika miaka ya 1970 serikali ililipa kiasi kidogo kwa familia za baadhi ya waliokufa. Wengi walionusurika hawakupata kitu.
- Wafanyakazi viwandani walilipwa ujira mdogo kwa saa nyingi.
- Katiba ya 1972 ilimpa Park mamlaka makubwa mno, na wapinzani walifungwa.

Kifo
Tarehe 26 Oktoba 1979 aliuawa kwa risasi na Kim Jae-gyu, mkuu wa shirika lake la ujasusi.

Zingatia: Mtahiniwa asiishie kumsifu au kumlaumu Park. Aoneshe nani alipata nini katika kila makubaliano, na nani alibeba gharama.

Maswali ya marudio
1. Taja vyanzo vitatu vya mtaji wa kigeni wa Korea Kusini katika miaka ya 1960.
2. Kwa nini wanafunzi walipinga mazungumzo na Japani?
3. Eleza faida moja na hasara moja ya kukopa badala ya kuwaachia wageni umiliki wa viwanda.
4. Je, ilikuwa haki kujenga kiwanda kwa fedha zilizotokana na madai ya waathirika wa ukoloni? Jadili kwa hoja nne.