Alan Freed: Mtangazaji Aliyeupa Muziki Jina

Mchango wa mtu katika sanaa haupimwi kwa utunzi na uimbaji pekee. Wapo ambao hawakuvuma kwa kutunga wala kuimba, lakini bila wao kazi za wasanii zingebaki zimefungika mahali finyu. Miongoni mwao ni Alan Freed, mtangazaji wa redio wa Marekani ambaye mapenzi yake kwa santuri yalimpandisha kileleni, na tamaa iliyoandamana nayo ikamporomosha.

Freed alizaliwa tarehe 15 Desemba 1921 katika jimbo la Pennsylvania, akakulia Salem, jimboni Ohio. Shuleni alipiga tromboni katika bendi iliyoitwa Sultans of Swing. Ndoto ya kuwa mwanamuziki haikutimia, akaingia utangazaji, na katika miaka ya 1940 akapata umaarufu mjini Akron.

Mwaka wa 1951 alijiunga na kituo cha WJW mjini Cleveland. Huko, Leo Mintz, mwenye duka la santuri la Record Rendezvous, alikuwa ameng'amua jambo: vijana Weupe walikuwa wakinunua santuri za Wamarekani Weusi. Jambo hili halikuwa dogo. Soko la santuri lilikuwa limegawanywa kwa rangi ya ngozi, na hadi 1949 jarida la Billboard liliorodhesha muziki huo chini ya jina la santuri za kimbari. Mintz alimshawishi Freed aucheze redioni usiku. Freed akajipa jina la Moondog, akawa akizicheza santuri huku akigonga kitabu cha simu kufuatisha mapigo.

Tarehe 21 Machi 1952 aliandaa dansi katika ukumbi wa Cleveland Arena, uliotosha watu wapatao 10,000. Walifika takriban mara mbili ya idadi hiyo. Milango ilivunjwa na shughuli ikasimamishwa mapema. Wanahistoria wengi huihesabu kuwa tamasha la kwanza la rock and roll.

Mwaka wa 1954 Freed alihamia kituo cha WINS, New York. Hapo Louis Hardin, mwanamuziki kipofu wa mitaani aliyekuwa akijiita Moondog kabla yake, alimshtaki na kushinda. Freed aliponyang'anywa jina hilo, kipindi chake kikabeba jina la rock and roll. Msemo huo hakuubuni yeye. Ulisikika katika nyimbo za Weusi tangu miaka ya 1920, ukidokeza dansi na mapenzi. Alichofanya ni kuueneza hadi ukawa jina la muziki wenyewe.

Wakati vituo vingi vilipendelea nakala zilizoimbwa na Weupe, Freed alishikilia kucheza santuri asilia za Weusi. Mwaka wa 1957 kipindi chake cha televisheni kilifutwa baada ya Frankie Lymon, mwimbaji Mweusi, kuonekana akicheza dansi na msichana Mzungu.

Hata hivyo, mtetezi huyo alijua pia kuchuma asipopanda. Wimbo wa Maybellene wa Chuck Berry ulipotolewa mwaka wa 1955, jina la Freed liliandikwa miongoni mwa watunzi, naye akapata mgawo wa mirabaha. Mkono mtupu haulambwi, na watangazaji wengi wa enzi hiyo walipokea fedha ili kucheza santuri fulani. Mwaka wa 1959 kituo cha WABC kilimfuta kazi alipokataa kutia sahihi kwamba hakuwahi kupokea hongo ya aina hiyo. Mwaka wa 1962 alikiri mashtaka mawili ya hongo ya kibiashara na kutozwa faini ya dola 300. Faini ilikuwa ndogo, lakini jina lilikwisha chafuka. Alifariki tarehe 20 Januari 1965 mjini Palm Springs, California, akiwa na umri wa miaka 43, maskini na mlevi.

Mwaka wa 1986 Freed na Berry waliingizwa pamoja katika kundi la kwanza la Rock and Roll Hall of Fame. Mwaka huohuo Berry alirejeshewa haki kamili ya utunzi wa Maybellene. Mgala muue na haki yake mpe: Freed anastahili sifa ya kuvunja ukuta uliotenga masikio ya Weusi na Weupe, na Berry anastahili wimbo wake. Anayeipigia sanaa ya wengine tarumbeta hutenda jambo kubwa, lakini kuitangaza kazi si kuimiliki.