Brâncuși: Kijana wa kondoo aliyebishana na forodha

Hebu fikiria. Sanamu uliyosugua kwa mikono yako miezi na miezi inafika ng'ambo kwa maonyesho, halafu maafisa wa forodha wanaiangalia na kuiweka kundi moja na vyombo vya jikoni. Lipa ushuru, asilimia 40! Ndivyo Marekani ilivyomfanyia Constantin Brâncuși mwaka wa 1926.

Huyu jamaa alizaliwa 1876 kijijini Hobița, Romania, ambako watu huchonga nguzo za nyumba zao za mbao. Alichunga kondoo, akatoroka nyumbani akiwa bado mdogo, akafanya vibarua mjini Craiova hadi akaingia chuo cha ufundi. Baada ya kusomea uchongaji Bucharest, akataka Paris. Nauli je? Sehemu kubwa ya safari alipiga kwa miguu, akafika 1904.

Huko aliosha vyombo kwanza. Mwaka wa 1907 akapata kazi ambayo wewe na mimi tungeililia: karakana ya Auguste Rodin, mchongaji maarufu kuliko wote enzi hizo. Miezi michache tu, akaondoka. Angebaki, angekuwa Rodin mdogo.

Akaanza njia yake. Ndege wake wa shaba hana mabawa wala manyoya, ni umbo jembamba linalopaa juu na kung'aa. Ndiye huyo forodha ilimkataa. Brâncuși hakunyamaza. Kesi ikaenda mahakamani, na 1928 jaji akaamua: hii ni sanaa, hata kama haifanani na ndege unayemjua.

Mwaka wa 1938 alijenga nguzo ya chuma, zaidi ya mita 29, mjini Târgu Jiu, karibu na kwao, kuwakumbuka wanajeshi waliokufa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukiitazama vizuri, utaziona zile nguzo za kijijini.

Lakini kwao ndiko kulikomuuma zaidi. Mwaka wa 1951, chini ya utawala wa kikomunisti, wakubwa wa Akademia ya Romania walimkana. Akachukua uraia wa Ufaransa, akaiachia nchi hiyo karakana yake yote, na akafa Paris 1957.

Nguzo haikuanguka. Mwaka wa 2024 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia. Waliomkana, we unawajua majina?