John Walter Gregory na Bonde la Ufa

Mtu asimamaye Ifakara na kutazama kaskazini magharibi huiona milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta. Chini ya ukuta huo pana nchi tambarare yenye mashamba ya mpunga, nao mto Kilombero hufurika humo wakati wa masika. Upande wa kusini nchi hupanda tena kwenda Mahenge. Wengi hudhani ya kuwa kila bonde limechimbwa na mto wake. Lakini sivyo ilivyokuwa hapa. Ardhi yenyewe ilipasuka, na kipande chake kikashuka. Aliyewafundisha watu kuyatambua mabonde ya namna hii katika Afrika ya Mashariki ni John Walter Gregory.

Gregory alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1864. Baba yake alifanya biashara ya sufu. Alipopata umri wa miaka 15 Gregory aliacha shule, akawa karani katika biashara hiyo hiyo. Mchana aliandika hesabu, na usiku alikwenda darasani kujifunza elimu ya miamba. Akashikilia hivyo kwa miaka mingi, hata mwaka 1887 akapata kazi katika nyumba ya makumbusho ya London, mahali yalipotunzwa mawe na mabaki ya viumbe wa kale.

Mwaka 1891 bingwa mmoja wa Austria, jina lake Eduard Suess, aliandika ya kuwa nyufa kubwa za ardhi zimepita Afrika ya Mashariki hata Bahari ya Shamu na mto Yordani. Suess mwenyewe hakupata kufika huku. Alizisoma tu habari za wasafiri. Basi alihitajiwa mtu wa kwenda kuyahakikisha maneno hayo kwa macho yake na kwa nyundo.

Mwishoni mwa mwaka 1892 Gregory alikuja Afrika katika safari kubwa ya Waingereza. Safari ile ikavunjika mapema, naye akashikwa na homa. Angeweza kurudi kwao bila lawama. Lakini alikwenda Mombasa, akaandika wapagazi wapatao 40, na mwezi wa Machi 1893 wakashika njia ya bara.

Walipofika ukingo wa nchi ya Wakikuyu, bonde kubwa likaonekana chini yao. Gregory hakutosheka kulitazama. Alishuka akiyachungua magenge, akavunja mawe, akapima vimo vya nchi, akachora ramani. Akaona ya kuwa nchi inashuka kwa vidato kama ngazi, na kwamba matabaka ya mawe yaliyo juu ukingoni huonekana tena huko chini. Mto uchimbapo bonde, huyachukua mawe na kuyapeleka mbali. Hapa mawe hayakuchukuliwa. Yalishuka pamoja na nchi yao. Huo ndio ushahidi alioutafuta.

Wakafika ziwa Baringo, kisha mlima Kenya, naye akapanda hata penye barafu. Wapagazi walibeba mizigo katika njaa na hatari za njia. Pasipo wao jiwe lolote lisingefika pwani. Mwezi wa Agosti walikuwa wamerudi Mombasa. Mwaka 1896 Gregory alitoa kitabu chake, na jina la Bonde Kuu la Ufa likaenea ulimwenguni.

Baadaye alikuwa profesa huko Melbourne, na tangu 1904 hata 1929 huko Glasgow. Mwaka 1919 alirudi Kenya kuitazama kazi yake upya, na mwaka 1921 akatoa kitabu cha pili.

Hakupata kweli yote. Alidhani ya kuwa bahari zilitokea kwa kuzama nchi zilizokuwapo kale. Sasa inajulikana ya kuwa nchi huvutwa zikaachana. Ndivyo Madagaska ilivyojitenga na pwani ya Afrika zamani sana, na ndivyo Afrika ya Mashariki inavyoendelea kupasuka polepole, milimita chache kila mwaka. Lakini juu ya mabonde, kwamba yalishuka kati ya nyufa, hakukosea.

Mwaka 1932, naye ana umri wa miaka 68, alikwenda Peru kuchunguza milima ya huko. Katika mto Urubamba mtumbwi wake ulipinduka, akafa maji.

Wapimaji waliokuja baada yake wamezichora nyufa za nchi nyingi, hata zile zilizo chini ya milima ya Udzungwa. Nao huanza kama alivyoanza yeye: hulitambua jiwe la ukingo, kisha hushuka bondeni kwa miguu kulitafuta jiwe lile lile.