Paul Dudley White, munganga aliyewatoa wagonjwa wa moyo kitandani

Kwa miaka mingi, mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo alilazwa kitandani majuma sita ao zaidi. Alikatazwa hata kupanda ngazi, na wengi hawakurudia kazi yao tena. Kati ya watu waliobadilisha desturi hiyo kuna munganga Paul Dudley White wa Marekani, ambaye mwanzoni utafiti wake mwenyewe uliitia nguvu.

White alizaliwa tarehe 6 mwezi wa sita mwaka wa 1886 huko Roxbury, katika jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa munganga. Mwaka wa 1911 alimaliza masomo ya uganga kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akaenda London kujifunza kwa Thomas Lewis matumizi ya mashine mpya inayochora mapigo ya moyo kwenye karatasi. Aliporudi Boston aliianzisha kazi hiyo katika hospitali ya Massachusetts General. Mwaka wa 1924 alikuwa kati ya waanzilishi wa Shirika la Moyo la Marekani.

Mwaka wa 1939, yeye na wenzake wawili walichunguza mioyo ya watu waliokufa. Waliona kwamba kidonda kikubwa cha moyo kinahitaji karibu miezi miwili ili kiwe kovu gumu. Wanganga wengi wakapata hapo sababu ya kuendelea kuwalaza wagonjwa. Lakini kitanda nacho kilikuwa na hatari zake: damu iliganda miguuni na kupanda hadi kwenye mapafu, misuli ikaisha, na woga ukaongezeka. Mwaka wa 1952, Samuel Levine na Bernard Lown, wa Boston pia, walieleza namna walivyowakalisha wagonjwa wao kwenye kiti mapema.

Jaribio kubwa la White lilikuja tarehe 24 mwezi wa tisa mwaka wa 1955. Rais Dwight Eisenhower, mwenye miaka 64, alipatwa na mshtuko wa moyo huko Denver. White aliitwa, akawaeleza raia hali ya rais wazi, kwa maneno mepesi. Rais hakuachwa alale tu: alikalishwa kwenye kiti, akaanza kutembea polepole, na majuma saba baadaye akatoka hospitalini. Mwezi wa pili mwaka wa 1956, White alitangaza kwamba rais angeweza kuendelea na kazi kwa miaka mitano hadi kumi. Eisenhower alichaguliwa tena mwaka huo, na ndiye aliyeongoza Marekani Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita mwaka wa 1960. Alikufa mwaka wa 1969.

White mwenyewe alitembea sana kwa miguu na kupanda kinga hata uzeeni, akiwahimiza watu wote wafanye vilevile. Njia moja ya kinga huko Boston, kando ya mto Charles, ina jina lake. Alikufa tarehe 31 mwezi wa kumi mwaka wa 1973, akiwa na miaka 87.

Hata baada yake, woga mmoja ulibaki: kuinua vitu vizito. Mtu anayeinua mzigo huku amebana pumzi hupandisha presha ya damu ghafla, kwa hiyo wagonjwa waliruhusiwa kutembea tu. Mwaka wa 2000, Shirika la Moyo la Marekani lilitoa mashauri kuhusu mazoezi ya nguvu kwa wagonjwa ambao hali yao imetulia: uzito mdogo, kuinua mara 10 hadi 15, siku mbili ao tatu kwa juma, bila kubana pumzi.

Sababu yake ni rahisi. Mtu anayerudi nyumbani atabeba bidoni la maji, mtoto ao mfuko wa unga. Misuli ikiwa na nguvu, mzigo uleule unausumbua moyo kidogo. Lakini mgonjwa haanzi peke yake: munganga anampima kwanza na kumpa ruhusa. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu ao kukosa pumzi, anaacha mara moja na kutafuta msaada.