Ken Uston: Mhesabu karata aliyeishtaki kasino

Wengi tukisikia kwamba mtu anahesabu karata, tunadhani anazikariri zote 52. Sivyo, na leo tunaeleza kwa nini, kupitia maisha ya Ken Uston. Alizaliwa New York mwaka 1935, baba yake akiwa Mjapani. Aliingia Chuo Kikuu cha Yale akiwa na miaka 16, na baadaye akapanda hadi kuwa makamu mwandamizi wa rais wa soko la hisa la Pacific huko San Francisco. Kazi hiyo aliiacha kwa ajili ya blackjack.

Katika mchezo huu unashindana na mgawa karata kuikaribia 21 bila kuipita. Yeye analazimika kuendelea kuchukua mpaka afike 17. Zikibaki karata kubwa nyingi, mgawaji hupita kirahisi, na mchezaji anayeanza na ree na kumi hulipwa mara moja na nusu ya dau. Basi mhesabu anataka kujua jambo moja: zilizobaki ni kubwa au ndogo?

Mfumo unaojulikana zaidi, Hi-Lo, ni mwepesi. Ikitoka 2 hadi 6 unaongeza moja. 7 hadi 9 unaziacha. Kumi, wazungu na ree unapunguza moja. Jumla unaigawa kwa pakiti zilizobaki.

Uston alikuja na mfumo wake mzito, APC. Humo 5 ina thamani ya tatu, 2 na 8 moja moja, nyingine kati ya 3 na 7 mbili mbili. 9 inapunguza moja, kumi na wazungu tatu. Ree ni sifuri, lakini unazihesabu pembeni! Sababu ipo: unapopanga dau, ree ni karata kubwa, ila unapoamua kuchukua nyingine au kusimama, mara nyingi inafanya kazi kama ndogo. Hi-Lo haitofautishi. Kwa hiyo APC huongoza maamuzi vizuri zaidi, kwenye karatasi. Mezani, katikati ya kelele na macho ya wasimamizi, kosa moja hula faida yote hiyo. Sisi tungechagua Hi-Lo.

Na fedha nyingi hazikutoka kwenye ugumu wa hesabu. Miaka ya 1970 Uston alijiunga na kikosi cha Al Francesco. Wahesabu walikaa meza mbalimbali wakiweka dau dogo. Hesabu ikiwa nzuri, walimpa ishara mwenzao, naye akaja na dau kubwa kama tajiri asiyejua kitu. Mbinu hiyo Uston aliianika kitabuni mwaka 1977, jambo ambalo Francesco hakulifurahia.

Mwaka 1979 kasino ya Resorts International, Atlantic City, ilimfukuza. Alishtaki, na mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Juu ya New Jersey ikaamua kwamba kasino haina mamlaka ya kumzuia mtu kwa sababu tu anahesabu, pasipo kanuni ya tume ya kasino. Uston alifariki Paris mwaka 1987, akiwa na miaka 52. Atlantic City bado hawamfukuzi mhesabu: wanaongeza pakiti mezani, na wakimshuku, wanachanganya karata mapema.