Barghash Kwenye Skrini Yangu

Ukiifungua laptopu yangu, kitu cha kwanza unachokiona ni Beit al-Ajaib. Picha hiyo nimeiweka tangu mwaka wa kwanza. Kushoto zipo folda ambazo aikoni zake nimezigeuza zikawa milango ya Mji Mkongwe. Kulia ipo saa ya mishale, chini yake wijeti ya hali ya hewa na nyengine ya kuhesabu siku za mitihani. Wenzangu wa chumbani wananitania kuwa napamba kuliko ninavyosoma. Hawajakosea. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi ripoti, mashine ililemewa na mapambo yale ikaganda, na kurasa nane nilizokuwa sijazihifadhi zikaenda na maji.

Nikisubiri iwake tena, nilimfikiria mwenye jumba lile.

Barghash bin Said alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said. Baba alipofariki 1856, Unguja ikaenda kwa kaka yake, Majid. Barghash hakuridhika. 1859 akajaribu kumpindua, huku dada yake Salme akimwandikia barua zake. Wakashindwa, naye akapelekwa Bombay uhamishoni. Alikuja kukalia kiti 1870, Majid alipofariki.

Hakuanza vizuri. 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. 1873, kwa shinikizo la Waingereza, akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Tusijidanganye hapa: utajiri wake ulitoka sana kwenye karafuu zilizochumwa na watumwa, na utumwa wenyewe haukuvunjwa kisheria mpaka 1897.

1875 alitembelea Uingereza. Miaka iliyofuata mji ukabadilika sura. Jumba la Maruhubi likasimama 1882, na 1883 Beit al-Ajaib, lenye nguzo za chuma na baraza pana kila ghorofa, likitazama bahari ili kila meli inayoingia ilione. Kwa lugha yetu, hiyo ndo ilikuwa picha ya skrini ya dola yake.

Lakini picha haikumlinda. Wajerumani wakaingia bara, na makubaliano yao na Waingereza ya 1886 yakamwachia huko ukanda wa pwani wa maili 10 tu kwenda ndani. Barghash akafariki Machi 1888. Mizinga ya 1896 ikaharibu mnara uliokuwa mbele ya jumba, Maruhubi ikaungua 1899, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe ikaporomoka na kuua watu wawili.

Kilichonigusa zaidi ni kitu kisichoonekana kwenye picha yoyote ya Forodhani. Mji uliokumbwa na kipindupindu 1869 na 1870, Barghash aliuletea maji safi ya chemchemi kwa mabomba. Mtalii hapigi picha bomba. Lakini bomba ndilo lililoingia kwenye maisha ya mtu asiyekanyaga jumbani hata siku moja.

Basi wenzangu, ripoti niliiandika upya mpaka alfajiri. Wijeti zote nimezitoa. Nimeweka programu moja isiyo na sura wala rangi, inayohifadhi kazi yangu kila baada ya dakika tano.

Picha ya Beit al-Ajaib nimeiacha. Ile ya kabla ya 2020, mnara wake ungali umesimama.